Mama, Usitupe Negativu

Mwezi huu ukurasa wetu unazungumzia kitu kilichomo karibu katika kila nyumba, lakini ambacho wengi wetu hatukipi heshima yake. Ni picha za familia. Sisemi zile za kwenye simu, bali zile za zamani, zilizopigwa kwa kamera ya mkanda na kusafishwa kwa dawa.

Ukipita nyumba kwa nyumba kando ya reli ya TAZARA, tangu Ifakara hadi Mbingu, Chita na Mlimba, utazikuta. Mara nyingi zimo katika bahasha moja pamoja na cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki na hati ya shamba. Kuna picha ya harusi ya baba na mama. Kuna ya mtoto siku ya Komunyo ya Kwanza, amevaa soksi nyeupe na kushika mshumaa. Kuna ya bibi ameketi kitini, mikono magotini, uso ameukaza kama mtu anayesubiri hukumu. Katika nyumba nyingine picha hiyo ya bibi ni moja tu, na hakuna nakala yake popote.

Kwa nini tuzungumze habari hizi sasa? Kwa sababu picha hizo zinakufa. Nyingi zimeshapita miaka ishirini, na nyingine hamsini. Bonde la Kilombero ni nchi ya maji. Mwaka 2002 lilitambuliwa na Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Ardhi hiyo hutupa mpunga, lakini unyevu wake haupendi picha. Tena akina mama wengi hawajui kwamba pamoja na picha walipewa kitu kingine chenye thamani kuliko picha yenyewe, nacho wamekitupa au wamewapa watoto wachezee.

PICHA ILIVYOPATIKANA

Mama kijana aliyekua na simu mkononi huenda hajui taabu ya picha ya zamani. Mkanda wa kawaida ulikuwa na nafasi 36, au 24. Mpiga picha alikuja kijijini siku ya mnada, siku ya Krismasi au kwenye harusi. Ulivaa nguo yako njema, ukasimama mbele ya ua la kanga au shuka, akapiga mara moja. Hakuna aliyeweza kuangalia kama umefumba macho. Ulilipa kianzio, kisha ukasubiri, kwa maana mpiga picha hawezi kusafisha mkanda mpaka nafasi zote ziishe.

Zikiisha, mkanda ulipelekwa mjini. Wakati wa masika, barabara ya kutoka Ifakara kwenda Mlimba iliharibika vibaya, na reli, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ndiyo iliyokuwa tegemeo la watu na mizigo. Basi picha ya Pasaka iliweza kukufikia wakati wa kuvuna. Ndiyo maana watu hawakucheka ovyo mbele ya kamera. Nafasi ilikuwa moja.

Huko mjini mkanda uliingizwa katika chumba cha giza. Tuelewe kwanza mkanda ni kitu gani. Ni utepe wa plastiki uliopakwa jelatini, ile inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na ndani ya jelatini mna chumvi za madini ya fedha. Mwanga ukizigusa chumvi hizo zinabadilika, lakini jicho halioni kitu. Picha imo, ila imelala. Dawa ndiyo inayoiamsha.

Fundi alifungua mkanda katika giza totoro, akiuvingirisha kwa vidole bila kuona. Wengi hudhani kazi yote ilifanyika chini ya taa nyekundu. Sivyo. Taa nyekundu ilifaa kwa karatasi ya picha nyeusi na nyeupe, maana karatasi hiyo haioni wekundu. Mkanda wenyewe ungeungua. Dawa ya kwanza ilileta picha. Ya pili ilisimamisha kazi ya ile ya kwanza. Ya tatu, ambayo mafundi waliiita haipo, iliondoa chumvi zilizobaki ili mwanga usiharibu tena. Kisha mkanda ulioshwa muda mrefu kwa maji safi na kuanikwa mahali pasipo na vumbi.

Kilichopatikana ndicho tunachokiita negativu: kila cheupe ni cheusi, na kila cheusi ni cheupe. Kutoka hapo mwanga ulipitishwa katika negativu ukaangukia karatasi, na karatasi ikatiwa dawa vilevile. Picha za eksirei hospitalini nazo zilisafishwa kwa njia ya namna hii kabla ya kuja mashine za kompyuta.

Picha za rangi zilitaka uangalifu zaidi. Utaratibu uliotumika duniani kote tangu mwaka 1972 hutaka dawa ya kwanza iwe na joto la nyuzi 37.8, na mkanda ukae humo dakika 3 na sekunde 15. Joto likizidi kidogo, rangi zinaharibika. Mama anayejua kupika wali wa Kilombero usishikane wala usiungue ataielewa kazi hii. Ni kazi ya saa, joto na usafi, na ndiyo maana mwanamke mwenye mkono uliotulia anaiweza vema.

KWA NINI USO WANGU ULITOKA MWEUSI?

Sasa tufike kwenye jambo linalowahusu akina mama wengi. Chukua picha yako ya harusi uitazame. Je, gauni linang'aa, shela inang'aa, lakini uso wako na wa mwenzio ni kama vivuli, macho na meno tu ndiyo yanayoonekana? Wako wanawake waliobeba aibu hiyo miaka mingi, wakasema, "Mimi sipendezi kwenye picha." Wengine wamezificha picha zao kabisa.

Mama, kosa halikuwa uso wako. Lilikuwa katika mashine, na tena katika mkanda wenyewe.

Kwanza, mashine. Maabara nyingi za picha za rangi zilitumia mashine iliyojipimia mwanga yenyewe. Gauni jeupe kwenye negativu huwa jeusi. Mashine ikiona weusi mwingi hudhani picha ilipigwa kwa mwanga uliozidi, basi huongeza mwanga kwenye karatasi ili kusawazisha. Na karatasi ya picha, mwanga ukizidi, huwa nyeusi zaidi. Matokeo yake gauni hupata mikunjo yake yote vizuri, na uso wa bibi harusi huzama gizani. Fundi makini aliweza kuirudia picha kwa kutazama uso badala ya gauni. Lakini penye mikanda mingi na wateja wengi, nani alikuwa na nafasi?

Pili, mkanda. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke wa kizungu. Mafundi waliziita "Shirley". Ngozi ya mwanamke yule ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa imetengenezwa sawa. Ngozi yako na yangu haikuwa kipimo. Watafiti waliofuatilia habari hizi wameeleza kuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao walilalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha, na malalamiko yao yalisaidia mikanda kuboreshwa. Katika miaka ya 1990 Kodak ilitoa kadi yenye wanawake watatu, mmoja mzungu, mmoja mweusi na mmoja wa asili ya Asia. Kwa hiyo picha nyingi za mama zetu zilichapwa kwa vipimo visivyowafikiria.

Wafundisheni mabinti habari hii. Wajue kwamba picha si kioo cha kweli, na kwamba weusi wa picha si kasoro ya mtu.

DAWA YA PICHA USONI

Nina sababu ya kulitilia mkazo jambo hili. Moja ya dawa za kusafishia picha nyeusi na nyeupe huitwa haidrokwinoni. Ndiyo inayosaidia kuamsha picha katika chumba cha giza. Mafundi walishauriwa wasiiguse kwa mikono mitupu bali watumie koleo na glavu, kwa kuwa dawa hizo, hasa nyingine iitwayo metoli, huweza kuwasha ngozi na kuleta vidonda.

Sasa mshangae, akina mama. Haidrokwinoni hiyo hiyo ndiyo iliyotiwa katika krimu nyingi za kujichubua, na hupatikana katika mkorogo. Dawa ambayo fundi aliishika kwa koleo, dada yetu anajipaka usoni asubuhi na jioni. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini waliandika habari za wanawake waliotumia krimu za namna hiyo na kuishia na ngozi iliyokakamaa yenye madoa meusi ya buluu, hasa mashavuni. Madoa hayo ni magumu sana kuyatibu. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na vyenye zebaki, hata hivyo bado vinauzwa kwa kificho.

Mama anayechukia uso wake kwa sababu ya picha, akaenda kununua mkorogo, amedanganywa mara mbili. Mabinti wanatuangalia. Wakituona tunazificha picha zetu kwa sababu ya weusi, watajifunza nini?

NEGATIVU NDIYO PICHA YENYEWE

Habari njema ni hii. Uso uliozama katika picha ya karatasi mara nyingi bado umo katika negativu. Negativu hubeba mambo mengi kuliko karatasi inavyoweza kuonyesha. Ikiwa ile mikanda myembamba ya rangi ya chungwa, au ya kijivu kwa picha zisizo na rangi, bado imo ndani ya bahasha, fundi wa leo anaweza kuipitisha kwenye mashine ya kompyuta, akauangaza uso, na ukauona uso wa mama yako siku ya harusi yake kama hujawahi kuuona.

Hata nyumbani waweza kujaribu. Shika negativu kwenye kingo zake, iweke mbele ya kitu cheupe kinachotoa mwanga, kama kioo cha simu nyingine kilichowashwa cheupe, kisha ipige picha kwa simu na uibadilishe rangi zigeuke. Simu nyingi zina uwezo huo. Haitakuwa picha safi kama ya fundi, lakini utawajua waliomo, ndipo uamue ipi inafaa kupelekwa mjini.

Wenye studio za zamani walijua thamani yake. Studio ya Capital Art iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na baadaye kushikwa na mwanawe Rohit, imejulikana mpaka ng'ambo kwa picha za watu na mitaa ya Unguja ilizozihifadhi. Kama isingetunza, leo tusingeziona. Sisi nasi nyumbani ni watunzaji wa studio ndogo.

Na onyo kwa ajili ya watoto: negativu isitumiwe kutazamia jua linapopatwa. Jua lilipopatwa tarehe 1 Septemba 2016, kitu kilichoonekana vizuri sana kule Rujewa mkoani Mbeya, watu walitafuta kila cha kuziba macho. Negativu ya rangi hupunguza mng'aro tu, lakini miale inayounguza jicho hupita.

TUZITUNZE NAMNA GANI?

Adui wa kwanza ni unyevu. Ile jelatini ni chakula cha ukungu, na mende nao huipenda. Jamaa nyingi za bondeni huhamia mashambani wakati wa mpunga, zikakaa kwenye dungu kulinda ndege na nguruwe, na nyumba ya kijijini ikafungwa miezi mizima, tena ile yenye mvua. Ndipo ukungu unapokula picha bila kusumbuliwa. Basi fanya hivi:

1. Weka picha na negativu katika kopo la bati lenye mfuniko unaobana, juu ya kabati, mbali na ukuta unaotoa maji na mbali na moshi wa jiko. Negativu zikae katika bahasha yake ya karatasi, zisisuguane.

2. Ndani ya kopo tia kifuko cha kitambaa chenye mchele uliokaangwa mkavu mpaka ukawa wa kahawia, kisha ukapoa. Mchele huo hunyonya unyevu. Ni ujuzi wa zamani wa wapiga picha wa nchi za joto. Ukaange tena kila baada ya wiki chache. Vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu navyo vinafaa.

3. Andika nyuma ya kila picha majina, mahali na mwaka. Tumia penseli laini, wala usikandamize. Wino wa kalamu hupenya na kuonekana mbele. Waulize wazee sasa, maana picha isiyo na jina baada ya miaka thelathini ni picha ya mgeni.

4. Picha iliyogandamana na kioo cha fremu usiibandue kwa nguvu. Kwanza ipige picha ikiwa hapo hapo, ndipo utafute fundi.

5. Mafuriko yakiingia ndani na picha zikalowa, usiziache zikauke zikiwa zimeshikana. Zisuuze kwa maji safi ya baridi, uzitenganishe taratibu, na kuzianika kivulini, upande wa picha ukiwa juu. Usianike juani. Kama huna nafasi siku hiyo, ziache ndani ya maji safi, ila zisipite siku mbili.

6. Piga nakala kwa simu kabla hazijafifia. Weka picha karibu na dirisha, kivulini, bila flashi. Kisha mtumie nakala ndugu wa Dar es Salaam na wa Songea. Simu ikiibwa au ikitumbukia majini, nakala zipo kwingine.

Wako mabinti wenye simu nzuri wanaoweza kuifanya kazi hii kwa kijiji kizima na kujipatia chochote, wakiandika majina vizuri na kuchapisha mjini zile zinazotakiwa. Ni kazi ya heshima, wala haihitaji mtaji mkubwa.

PICHA NA MSIBA

Nimalizie na jambo zito. Baba wa nyumba anapofariki, hutokea ndugu wakagawana vyombo kabla ya arobaini. Mmoja huchukua redio, mwingine baiskeli, na mwingine hubeba fremu ya ukutani "kwa ukumbusho wa kaka". Mjane hubaki na watoto wadogo ambao kesho hawataukumbuka uso wa baba yao. Redio hununuliwa nyingine. Picha ile hainunuliki.

Basi tengenezeni nakala mapema, wakati mko wazima wote wawili. Keti na mzee wako jioni moja, mzitoe picha, mwandike majina pamoja, na kila mtoto apewe yake. Ndugu wakija kuomba, wapeni nakala kwa moyo mweupe, na za asili zibaki nyumbani.

Lakini jueni pia mpaka wa picha. Picha ya harusi si cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kwa watu kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Katika shauri kama hilo picha zaweza kusaidia kuonyesha mlivyoishi, pamoja na mashahidi. Hata hivyo mwenye cheti ana njia fupi zaidi. Kama cheti chenu kimepotea au hamkukichukua, kifuatilieni mapema, mkihifadhi katika kopo lile lile.

Kampuni ya Kodak iliomba ulinzi wa mahakama kwa kuelemewa na madeni mwezi wa Januari 2012, na maabara nyingi za mikanda zimefungwa, ingawa mikanda bado inatengenezwa na vijana wa nchi nyingine wameirudia kwa hamu. Sisi hatuna haja ya kurudi huko. Haja yetu ni kutopoteza kile ambacho wazazi wetu walikilipia kianzio, wakakisubiri tangu Pasaka hadi mavuno.

Jumamosi hii, kabla ya kufagia juu ya kabati, telemsha ile bahasha, uifungue mchana kwenye mwanga. Ukikuta mikanda myembamba ya rangi ya chungwa, usiitupe.

Tukutane toleo lijalo.